Wasifu wa Marehemu Mtarajiwa

Jumatatu, 4 Machi
Daktari kaniambia nile chochote ninachotaka. Nimemwelewa. Basi msibani kwangu wasifu asisome shemeji! Huyu kaka wa marehemu mke wangu, mwalimu mkuu mstaafu, hupewa kipaza sauti kila tuzikapo mtu. Ataanza na siku niliyotumbukia kisimani nikimkimbia bata. Wasifu wangu nimeuandika mwenyewe, kurasa arobaini, umo kwenye kompyuta yangu kuukuu. Kompyuta imetangulia kufa. Haina adabu!

Jumanne, 5 Machi
Fundi wa pale kona kabadilisha bodi ya ndani. Ikawaka, kisha kioo kikawa buluu tupu. Anasema mfumo endeshi wa zamani hauitambui bodi mpya, lazima uwekwe upya. Akauliza, mzee wangu, una nakala ya vitu vyako? Nikasema ninayo kichwani. Akacheka, akaniachia sidii ya mfumo mpya, akanisihi nisiguse kitu mpaka arudi kesho ahamishe maandishi kwanza. Shemeji kapiga simu, eti naendeleaje. Anatafuta tarehe ya mazishi huyo!

Jumatano, 6 Machi
Sikumsubiri fundi. Subira huvuta heri, lakini mimi nina muda wa kuvuta? Nikatia sidii, nikachagua Kiswahili. Mashine ikauliza: Diski isafishwe? Nani mwenye akili anakataa usafi? Ndiyo. Ikauliza kama nina uhakika. Dharau! Ndiyo!
Imesafisha. Kurasa arobaini hazipo. Hata nukta.
Nikiri, maana sina muda wa kuficha. Neno hilo “safisha” nililipitisha mimi. Kwenye kamati ya istilahi za kompyuta, tulipokaa wote wawili, shemeji alipendekeza “futa”. Nikapinga kutwa nzima kwa kuwa limetoka kwake. “Safisha” likashinda. Nilipigiwa makofi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimelala uso ukutani. Fundi kaja, kashika kichwa, kasema maandishi hayaokoleki. Binti yangu kaleta uji, akasema, baba, si maandishi tu hayo? Maandishi tu! Mle ndimo nilimokuwa mtu mwema.

Ijumaa, 8 Machi
Shemeji kaja na karatasi zake. Binti ndiye kamwita, msaliti! Akasema, shemeji, wewe kufa tu, mimi niko tayari. Akanisomea. Kisima kimo. Bata sasa ni wawili. Mwishoni kaandika kwamba dada yake alimwambia hakujuta hata siku moja kuolewa na mimi. Sikuwahi kulisikia hilo. Nikageukia ukuta, nikasingizia macho. Kisha nikamwambia koma yake imekaa vibaya.

Jumamosi, 9 Machi
Naandika upya. Ile sentensi ya dada yake nimeiiba, nimeifanya ya kwanza. Bata nimewafukuza wote. Fundi kapita kuniletea kifaa cha kuhifadhia nakala. Nikamwambia nakala ni ya watu wasiojiamini, akaondoka nacho. Niko ukurasa wa tatu, sijahifadhi bado, na mashine inauliza: mfumo usasishwe na kuwashwa upya sasa, au baadaye?
Baadaye! Mimi wa kuulizwa baadaye?
Sasa.