Shimo la Bata

Jumatatu, 3 Februari 2025
Enock, mtaalamu wa mbu, kaja Lionja. Wanajaribu dawa mpya ya kupulizia ukutani, maana mbu wameshaizoea ya zamani. Hainuki, haiwashi macho, wanatarajia haitadhuru watoto. Wanataka nyumba zenye mbu wengi. Wamechagua ya Isihaka, jirani yangu. Nyumba ya udongo! Yangu ya saruji, ya mwalimu, eti mtego wao ulinasa mbu mmoja tu. Aibu!

Jumatano, 5 Februari
Nimechimba shimo nyuma ya nyumba. Mvua ikalijaza. Mke wangu Makrina kauliza la nini. Nikasema la bata. Akasema hatuna bata. Nikasema watakuja. Nimetoboa wavu wa dirisha. Chandarua cha binti yetu Koleta nimekishusha, nikasema nakifua. Sijakifua.

Jumapili, 16 Februari
Shimo limejaa viluwiluwi vya mbu! Enock katega tena kwetu: mbu arobaini na mmoja. Isihaka nimemwacha mbali! Watapulizia kwetu mwezi ujao. Nimepita mbele ya nyumba yake mara kadhaa, bila haja yoyote.

Jumanne, 25 Februari
Koleta ana homa. Nikasema ni meno. Makrina akasema mtoto ana miaka minne, meno yote anayo. Jioni, degedege. Isihaka kawabeba Makrina na mtoto kwa pikipiki yake hadi hospitali, Nachingwea. Mimi nikafuata na bodaboda. Tope njia nzima. Nikawakuta, mtoto macho yamegeuka.

Jumatano, 26 Februari
Malaria kali. Damu imemwishia. Wamepima yangu, haifai. Ya Isihaka imefaa. Hata hapa kanishinda! Makrina kamshukuru huku analia. Mimi hajanitazama.

Jumatatu, 3 Machi
Koleta yu hai, karuhusiwa, ila miguu haina nguvu. Makrina kaja kuchukua nguo, akatokea mlango wa nyuma. Akasimama penye shimo muda mrefu. Akasema, "Gwakisa, ulikuwa unafuga mbu." Yeye na Koleta wamepanda basi kwenda kwa kaka yake, Ruangwa. Kasema nisiwafuate.

Alhamisi, 6 Machi
Nyumba kimya. Enock kapita, kasema nyumba isiyo na familia hawaipulizii. Ila mwakani watajaribu dawa nyingine, ya kuua viluwiluwi madimbwini. Nikauliza watahitaji madimbwi mangapi. Akasema mengi.
Nimekwenda kwa Isihaka kuazima jembe.