Shemeji Haniachi Chini ya Maji

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu wetu wa kupiga mbizi atachagua msaidizi Jumamosi. Ni mimi au shemeji, mume wa dada yangu. Shemeji! Mtu anayekunja suti ya mbizi kama anakwenda kuiuza. Hana kosa hata moja. Itabidi nimtafutie.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Sheria ya mwalimu: chini ya maji, kila pumzi chache geuza kichwa umwone mwenzako. Usipomwona, mtafute dakika moja, kisha panda juu. Mwenzangu ni shemeji. Kesho nitajificha nyuma ya mwamba. Yeye ataendelea kushangaa samaki, na mwalimu atajua nani hajali wenzake. Mke wangu kauliza nachekea nini. Nikasema mambo ya kazini.

Jumatano, 5 Machi
Nyuma ya mwamba kulikuwa na mkunga, samaki mrefu mwenye meno. Tukatazamana. Sikuthubutu kusogea. Nilisikia mtungi wa hewa ukigongwa mahali fulani, nikapuuza. Dakika tano kamili, nikachungulia. Hakuna mtu!

Kumbe shemeji aligundua sipo baada ya pumzi tatu. Akagonga mtungi wake, akanitafuta, kundi zima likapanda. Nilipoibuka, watu saba walinikodolea macho kutoka kwenye boti, na shemeji analia. Kweli, analia, makamasi ndani ya miwani. Akanikumbatia mpaka mbavu zikauma.

"Shemeji," akasema, "nilikuwa nawaza nitamwambia nini dada yako."

Niliona aibu. Kama robo saa hivi. Nikadai nimenaswa na mwani.

Alhamisi, 6 Machi
Dada kapiga simu. Alinifokea bila kumeza mate. Nilipojaribu kueleza kuhusu mkunga, akasema hata huyo ana akili kunizidi.

Ijumaa, 7 Machi
Mpango mpya: kumwangalia mwenzangu kuliko mtu yeyote duniani! Maji yalikuwa yametibuka, suti zote nyeusi, nikayakazia macho mapezi ya buluu miguuni mwa shemeji. Sikuyaacha nusu saa nzima. Nikayafuata mpaka kwenye ngazi ya boti, nikapanda nyuma yake nikijipongeza.

Akavua miwani. Bibi mmoja wa kundi lingine! Akauliza kwa upole kama kuna watu wanaonitafuta. Walikuwepo. Shemeji alikuwa amewapandisha wote tena.

Jumamosi, 8 Machi
Kachaguliwa shemeji. Kazi yake ya kwanza ni kuniongoza kwa kamba ya mita mbili, kiuno kwa kiuno. Alifunga fundo mwenyewe, akalikagua mara mbili, akaniuliza kama linanibana. Wenzetu walipiga makofi.

Nimetafakari kwa kina. Wenzangu sita wanagawana mwalimu mmoja. Mimi nina msaidizi wangu peke yangu. Sasa mkubwa ni nani? Jumatano nitaifungua kamba niifunge kwenye nanga, tuone itamchukua pumzi ngapi kugundua.