Kupe wa Miezi Minane

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Siku ya kihistoria! Nikiwa chini ya dirisha la jikoni, ambako nilikuwa nimefuata harufu ya mayai, nilimsikia Shangazi akimlalamikia mumewe. Nayanukuu maneno yake kwa uaminifu: "Miezi minane kupe huyo ananyonya tu humu ndani! Jumapili ikifika bado yupo, hapa patachimbika." Mumewe, Mkuu wa Bohari katika kiwanda cha rangi, alimsihi ashushe sauti.

Papo hapo nikamgeukia Jenerali, mbwa wa nyumba hii. Alikuwa akijikuna sikio. Kweli! Kupe mnene kama punje ya mahindi. Wawili. Watano! (Kisarufi, Shangazi alipaswa kusema "kupe hao". Nimemsamehe, si kila mtu amehitimu.)

Miezi minane! Kumbe waliingia mwezi uleule niliohamia mimi. Sadfa ya kustaajabisha.

Fursa adhimu hii. Tangu nihitimu, Mkuu wa Bohari amekuwa akikwepa kuniandikia barua ya utambulisho kiwandani kwake. Akiniona nimeiokoa nyumba yake, atakwepea wapi?

Jumanne, tarehe 5 Machi
Binamu yangu, bintiye Shangazi, ni muuguzi mwenye kimbelembele. Alinieleza, bila kuulizwa, kwamba kupe hushikwa kwa kibano karibu kabisa na ngozi, huvutwa taratibu bila kupindwa, kisha hutumbukizwa kwenye spiriti. Akasisitiza nisimpake mbwa mafuta.

Mbinu za kizamani! Nadharia yangu ni kwamba kupe akipakwa mafuta hukosa hewa na kujiuzulu mwenyewe. Nilimpaka Jenerali chupa nzima ya mafuta ya kupikia.

Matokeo ya awali: hakuna kupe aliyejiuzulu. Matokeo ya ziada: Jenerali alijikung'uta katikati ya mashuka meupe yaliyoanikwa. Shangazi alitamka maneno ambayo shajara ya msomi haiwezi kuyahifadhi. Binamu alicheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi, tarehe 7 Machi
Nimekubali kibano, kwa hiari yangu. Kilichopatikana ni kile cha nyusi za Shangazi, nimekiazima kimyakimya.

Jenerali alijilaza chali, miguu juu, kama mheshimiwa kinyozini. Kupe wa kwanza akatoka mzima, vijiguu vikichezacheza! Nilipiga ukelele wa furaha hata mshonaji wa nyumba ya pili akachungulia juu ya ukuta, akauliza kama hatimaye nimepata kazi. Nilimjibu kwamba ipo njiani.

Kumi na tisa kwa jumla! Spiriti nimeikataa. Ushahidi hai una uzito zaidi. Nimewahifadhi kwenye kopo la biskuti, juu ya kochi la Mkuu wa Bohari, ili awakague mwenyewe kama akaguavyo mzigo.

Ijumaa, tarehe 8 Machi
Kifuniko cha kopo kina mwanya. Nani angejua?

Kupe waliosalia koponi: wanne. Waliopatikana mwilini mwa Mkuu wa Bohari baada ya kusoma gazeti kochini: watatu. Wasiojulikana walipo: kumi na wawili.

Binamu aliwatoa wale watatu kwa ustadi wa kuudhi, huku akiniuliza kama ile barua yangu ningependa niandikiwe sasa hivi, wakati baba yake bado hajavaa shati.

Jumapili, tarehe 10 Machi
Ushindi! Jana nilitambaa chini ya makochi kutwa nzima. Wote kumi na wawili wamekamatwa na, nakiri, wamo ndani ya spiriti.

Wakati wa chakula cha mchana nilisimama, nikagonga glasi na kusoma taarifa ya kurasa tatu. Hitimisho: idadi ya kupe ndani ya nyumba hii ni sifuri.

Shangazi aliweka kijiko chini, akasema bado mmoja. Nikapinga kwa takwimu. Akasema huyo ndiye mkubwa kuliko wote, na hivi sasa anasoma taarifa. Nilijipapasa shingo kwa haraka. Hakuna kitu! Nikamwomba Binamu anikague mgongoni kitaalamu, lakini alishindwa kwa kicheko, akakimbilia uani.

Mkuu wa Bohari, macho yakiwa yamejaa hisia, alinikabidhi bahasha. Barua! Haiendi kiwandani, bali kwa Mjomba wangu, kaka yake Mama, ikimwomba anipokee kuanzia leo. Uhamisho, basi; viongozi wote huanza hivyo. Hata begi langu nilikuta limeshafungwa, kibarazani. Ukarimu ulioje! Jenerali alinisindikiza hadi getini, akanililia.

Jumanne, tarehe 12 Machi
Kwa Mjomba. Makazi bora, mkate laini. Asubuhi, nikiwa kwenye kipande cha nne, nilimsikia kibarazani akimlalamikia mtu kwenye simu kwamba wamemletea kupe, tena mwenye kasi.

"Kupe", umoja tena! Familia nzima ina tatizo la sarufi.

Jambo la ajabu ni kwamba hapa hawafugi mbwa. Lakini wana paka, mnene, mwenye sura ya kutiliwa shaka. Na nimeona jikoni chupa ya mafuta ambayo bado haijafunguliwa.