Futeni Jina la Birtle Kabla ya Jumamosi

Ndugu Mhariri wa Kamusi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umevaa sweta, maana baridi ya Machi si ya kuchezea. Mimi ni Edna Birtle wa Lancashire, mama yake Wilfred. Niliacha shule mapema nikaingia kiwanda cha pamba, kwa hiyo kamusi yenu nilisomewa na binti wa maktaba, naye alikuwa anajikaza asicheke.

Mmeandika kwamba "birtlish" ni sifa ya mtu anayerudi nyumbani kuangalia tena kitu alichokwisha kukiangalia. Na kwamba imetokana na Enoch Birtle, aliyetoka kanisani siku ya harusi yake kwenda kuangalia kama amezima gesi. Wasomi wazima, miwani puani, ndiyo kazi mliyopata? Malalamiko yangu ni haya:

1. Enoch, babu wa mume wangu, alitoka bibi harusi akiwa ameshasema ndiyo. Alirudi baada ya dakika tisa. Na gesi aliikuta imezimwa. Mtu aliyezima gesi anachekwa kwa lipi?

2. Jirani yetu mzee Clegg ameunguza banda lake la njiwa mara mbili. Mbona jina lake hamjaligusa? Au mnaogopa njiwa?

3. Jumapili mchungaji alisoma tangazo la ndoa ya Wilfred na Hester kwa mara ya tatu, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Clegg huyohuyo akasema, "Waulize kwanza kama gesi imezimwa, mchungaji." Kanisa zima likacheka. Sasa Hester anasema anampenda mwanangu, ila jina hilo hatalichukua. Wilfred hali chakula, hata pai ya viazi haigusi.

4. Kwa hiyo neno lifutwe kabla ya Jumamosi, siku ya harusi. Kwa kamusi zilizokwisha kuuzwa, tumeni mtu mwenye mkasi nyumba kwa nyumba. Mkishindwa, andikeni kwamba limetokana na jina lako wewe Mhariri.

Nisalimie mkeo, watoto, na yule aliyeandika ukurasa ule, ingawa hastahili.

Ni mimi, mama asiyelala,
Edna Birtle

Nyongeza: Barua hii ingetoka jana. Tulikwenda kuiposti mimi na Hester, nikarudi kuangalia jiko. Tukatoka tena, nikarudi kuangalia mlango. Mara ya tatu tumeshafika kwenye sanduku la posta, Hester akasimama. "Mama, una hakika na lile jiko?" Akakimbia mwenyewe, akarudi anahema: limezimwa. Jina atalichukua. Neno liacheni lilivyo.