Kifyatulio Changu, Mama Mkwe Wangu na Nafasi Iliyopotea

Kwa Ndugu Vernon Stroud,
Mwenyekiti, Klabu ya Shabaha ya Pecan Fork,
Oklahoma.

Ndugu Mwenyekiti,

Nakusalimu kwa heshima yote iliyonibakia tangu Jumamosi, nayo si nyingi. Yaliyotokea unayajua, maana ulikuwa umesimama pale na kikombe chako cha kahawa, ukicheka. Nafasi ya mwisho katika timu itakayopambana na wale wenye majivuno wa Harlow mwezi Oktoba imekwenda kwa Bibi Maybelle Tackett, ajuza mwenye baridi yabisi ya vidole. Huyo ni mama mkwe wangu. Mimi, ambaye makala zangu zimewanyima usingizi madiwani watatu, nimeambiwa nikapange viti.

Sigombani na bibi wa watu. Nagombana na kifyatulio cha bastola yangu, kile ilichotoka nacho kiwandani. Duane wa duka la bunduki ana kifyatulio kingine pamoja na springi zake, na anaapa kuwa nikivifunga nitadhani navuta siagi. Nimekaa njia panda: nivinunue au nisivinunue? Mke wangu Jolene ameshatoa hukumu yake: "Royce, bastola haina tatizo lolote. Tatizo lina ndevu." Ndiyo maana naiomba kamati itamke rasmi, kwa muhuri, kwamba kosa ni la chuma. Hoja zangu ni hizi:

1. Kifyatulio changu ni kizito. Kukivuta ni kama kukokota jokofu juu ya changarawe. Nimelisema hili kila Jumapili baada ya ibada, na hakuna aliyewahi kunipinga, ingawa wengi wamehama meza.

2. Jumamosi kifyatulio hicho hicho kilikuwa chepesi. Nilikigusa tu, risasi ikatoka kabla sijaamua, ikaenda kuua mchanga. Asitokee mtu akadai kwamba hoja ya kwanza na ya pili zinapingana. Kitu kinachokuwa kizito mwaka mzima, kisha kikawa chepesi siku ya mashindano, hakina hitilafu. Kina nia.

3. Bastola yangu ilichafuliwa. Chini ya mpini nilikuta doa jekundu, bila shaka sosi ya mbavu za kuchoma kutoka meza ya wageni. Nililisugua kwa shati langu mpaka nikachelewa kusimama kwenye mstari, nalo likakataa kutoka. Klabu isiyoweza kutenganisha nyama na silaha inajiita klabu ya nini?

4. Mama mkwe alisaidiwa. Sijui alisaidiwa na nani, lakini nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia Jolene, "Leo kidude kilikuwa kigumu, mwanangu, kikanilazimisha nitulie." Hayo ni maneno ya mtu mwenye siri. Kisha akanigeukia mbele ya watu wote: "Pole, mkwe wangu. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua." Safu nzima ikaangua kicheko, na wewe, Ndugu Mwenyekiti, ukamwaga kahawa. Mimi si mbaazi.

5. Najua mtanitolea ile makala yangu ya mwezi Machi, niliyoandika kwamba anayebadilisha vipuri badala ya kufanya mazoezi ni sawa na anayenunua viatu ili ajue kucheza dansi. Niliandika hayo kuhusu watu wengine.

6. Tafakarini matokeo ya kuniona mimi ndiye mwenye kosa. Kesho kwaya ya kanisa italazimika kukiri kwamba kinanda hakikuwa na ubaya wowote. Kocha wa shule atamwomba radhi mwamuzi. Wavuvi wa ziwani watasema samaki walikuwepo. Ndoa ngapi zitapona, Ndugu Mwenyekiti, waume wakikosa chombo cha kulaumu? Mji huu umesimama juu ya lawama kama nyumba juu ya nguzo, nanyi mnataka kuing'oa nguzo kwa ajili ya kikongwe mmoja mwenye shabaha.

Kwa hiyo nadai matokeo yafutwe, kifyatulio kitangazwe kuwa mkosaji, nami niruhusiwe kukibadilisha na turudie mashindano. Na ili haki ionekane, Bibi Maybelle apewe bastola yenye kifyatulio kizito kama changu, aonje. Hapo ndipo tutajua nani mbaazi.

Nisalimie wanakamati wote, mkeo, na yule mbwa wako ambaye siku ile peke yake hakunicheka.

Ni mimi, mwanachama uliyemdhulumu lakini angali analipa ada,

Royce Kittredge

Tanbihi: Nimetoka kwa Duane sasa hivi. Nilimpelekea bastola aamue kama inafaa kubadilishwa kifyatulio. Aliifungua, akaniangalia, akatafuta kiti. "Mzee Royce, nikuwekee nini tena? Vipuri vyenyewe ndivyo hivi, niliviweka kwa mkono wangu wakati wa Pasaka. Hii ni ya mama mkwe wako, kwa sababu ya vile vidole vyake. Huoni rangi yake ya kucha hapa chini?"

Jolene alitununulia bastola zinazofanana kama mapacha, na Jumamosi zilikuja kwenye mfuko mmoja. Mezani kila mtu aliokota ya mwenzake. Ina maana siagi nilikuwa nayo mimi, na bibi alinishinda kwa jokofu.

Naziondoa hoja zote, ya kwanza mpaka ya sita. Badala yake naiomba kamati ilichunguze jua. Siku ile lilikuwa limekaa vibaya sana upande wangu.