Vita vya Bega la Kushoto la Amour bin Wakil

Jongeeni, enyi watu wa mji na wa shamba, mlioko Kikwajuni na mlioko Nungwi kwenye ncha ya kisiwa, acheni kahawa zipoe na wali uungue, mpate kusikia habari ya bega moja la kushoto lililokataa sindano msimu mzima, likahubiri, likatisha, likaapa, na mwisho wake likasalimu amri mbele ya kadamnasi. Wapo watakaokusimulieni habari za mizinga na manowari. Waacheni na mizinga yao, kwani vita hivi vilikuwa vikubwa zaidi, nasi tulikuwapo na tuliona.

Shujaa wetu ni Amour bin Wakil, mwenye duka la spea za Vespa pale Darajani, Mfufuaji wa Karbureta, Simba wa Barza, ambaye ulimi wake haujapata kushika kutu hata wakati wa masika. Barza yake, kibaraza cha mbele ya nyumba wanapokaa wanaume kuzungumza, iko Kikwajuni na inaitwa Barza ya Wajuao. Jina hilo hawakupewa na mtu. Walijipa wenyewe, wakaliandika ukutani kwa rangi ya mafuta, na tangu siku hiyo hakuna jambo chini ya mbingu lililowashinda. Bei ya karafuu, uchaguzi wa nchi za watu, dawa ya ngiri, sababu ya timu kufungwa: yote hukatiwa hukumu baada ya sala ya alasiri, kabla ya kikombe cha pili.

Basi chanjo ya korona iliposhuka kisiwani na gari la matangazo likapita mitaani likiwaita watu vituoni, Barza ya Wajuao ilikaa kikao cha vita. Nadir, kijana mwenye simu kubwa kuliko akili zake, akatoa picha ya video ya mtu aliyechanjwa, aliyebandika kijiko mkononi kikaganda. Mmoja akasema inagandisha damu. Mwengine akasema wanaochanjwa wana miaka miwili tu ya kuishi, na alipoulizwa nani kasema, akajibu kwa ghadhabu kuwa kila mtu anajua. Yussuf, muuza samaki, mtu wa maneno machache, akauliza kwa sauti ndogo kama ni kweli inaharibu kizazi, maana alikuwa na binti, Faiza, anayekaribia kuolewa. Kuuliza si dhambi. Dawa mpya ni dawa mpya, na mtu ana haki ya kujua kinachoingia mwilini mwa mwanawe. Lakini barza ile haikukaa ili kuuliza, na swali la Yussuf lilipoanguka katikati yao walilirukia kama paka wa Darajani walioona utumbo wa changu.

Ndipo Amour bin Wakil aliposimama, akapangusa masharubu, akanguruma: "Enyi jamaa zangu! Halua nzuri inataka moto mdogo na mkono usiochoka. Je, dawa ya mwanaadamu ipikwe haraka kuliko halua? Wenzetu wameiteremsha jikoni haijashika, sasa wanataka sisi tuionje! Naam, Yussuf, kizazi kitakwenda, na damu itakwenda, na akili itakwenda. Ama bega langu hili, nililopewa na Mola na kulishwa na mama yangu, wallahi, haligusi mtu!"

Barza ikalipuka kwa vifijo. Muuza kahawa akagonga vikombe vyake. Yussuf akarudi kwake, akamwambia mwanawe asithubutu.

Na ukweli wenyewe ni huu: shujaa wetu alikuwa akiogopa sindano. Hakuwa na habari yoyote ya damu wala ya kizazi. Alikuwa akiogopa kile kichuma chenyewe, ncha yake na kung'ara kwake. Siku aliyokanyaga msumari dukani alikaa na mguu uliovimba kama fenesi, akimwambia mkewe ni jongo, ili asipelekwe hospitali. Hofu ya mtu mmoja ilivikwa kilemba ikaitwa elimu, na mtaa mzima ukaiamkia.

Lakini barza ina dirisha juu yake, na wanaume wa barza hawatazami juu. Nyuma ya dirisha lile walikuwa wakikaa wanawake wawili wakishona kofia: Bi Mayasa, mama yake Amour, mwenye pumu ya miaka na miaka, na Bi Tahiya, shoga yake tangu chuo cha Kurani. Waliisikia hutuba nzima. Bi Tahiya akakata uzi kwa meno, akasema, "Mwanao kasoma, shoga yangu. Ikiwa yeye haendi, mimi n'ende nikatafute nini?" Hakwenda. Wimbi la korona lilipokuja lilimkuta nyumbani, na Amour mwenyewe, pamoja na wenzake, ndiye aliyelibeba jeneza lake, kwa bega lile lile la kushoto, hadi makaburini.

Baada ya hitima Bi Mayasa alimwita mwanawe chumbani.

"Amour!"

"Naam, mama."

"Kesho n'takwenda kituoni kuchanja."

"Hasha, mama! Itakuwaje niliyeulinda mlango huu kwa ulimi na hoja..."

"Nyamaza kwanza. N'takwenda, lakini utatangulia wewe. Ndo wewe uloniambia ni sumu. Ikiwa sumu, mimi sinywi nikakuacha wewe. Na ikiwa si sumu, basi mwenye kujua ndo aanze. Ukikataa, nnakaa hapa hapa nilipokaa na Tahiya, na pumu yangu hii. Wewe ndo mwenye kuchagua."

Hapo Simba wa Barza aliona kuwa amezingirwa. Kushoto kwake kulikuwa na sindano. Kulia kwake kulikuwa na kifua cha mama yake, ambacho kwa baridi tu ya kipupwe huimba kama mlango usiotiwa mafuta. Alijaribu hila zote za vita. Alisema duka halina mtu. Alisema Ijumaa ingekuwa na baraka zaidi. Alisema mafua yamemshika, akakohoa kuthibitisha, mama yake akamtazama mpaka kikohozi kikaona haya kikaondoka.

Asubuhi akajivika silaha zake. Alivaa kanzu ya Ijumaa iliyopigwa pasi mpaka inakata, mikono yake mirefu na myembamba kama inavyopendeza. Akavaa kofia ya viua aliyoshonewa na mama yake, akajifukiza udi kwa wingi, hata mkewe akamuuliza kama anakwenda kuposa. Wakatoka, mama mbele na mwana nyuma, na watoto wa mtaani wakakaa pembeni wakawapisha.

Kituo kilikuwa kimejaa, na wote waliokaa kwenye mabenchi walimjua. "Si Amour wa barza huyo?" alinong'ona mwanamke mmoja, na mnong'ono ukapita benchi kwa benchi. Amour alipofika mbele ya meza alimkuta muuguzi kijana, jina lake Rukaiya, macho yamechoka, hana hata habari kwamba mbele yake amesimama adui mkubwa wa chanjo katika kisiwa kizima.

"Shikamoo mzee. Shikamoo bibi."

"Marahaba," alisema Amour, kisha akapandisha sauti ili mabenchi yasikie. "Ewe binti! Kabla hujanyanyua silaha yako, nijibu mbele ya kaumu hii: kimo nini ndani ya kichupa hicho, na kitanifanya nini?"

Alitazamia kigugumizi. Alikuwa tayari kukiponda.

"Mkono utakuuma, mzee wangu," alisema Rukaiya. "Pengine utapata homa siku moja mbili, na uchovu. Wapo wanaopata madhara makubwa, hilo sikufichi, lakini ni wachache sana, na ndo maana tunakukalisheni hapo robo saa tukutazameni. Una mzio wa dawa yoyote?"

"Mzio wangu mimi ni dhulma!"

"Hiyo hatuna dawa yake hapa. Kunja mkono wa kanzu."

Ewe kanzu ya Ijumaa, ngome isiyotazamiwa! Amour alikunja, na mkono ukapanda hadi chini ya kiwiko ukagoma. Akavuta, haukusogea. Rukaiya akamsaidia, haukusogea. Akili ya shujaa ikang'amua kuwa rehema imeshuka, na uso wake ukachanua.

"Shuhudieni!" alipaza sauti akiinuka kitini. "Mimi nimekuja! Asiseme mtu Amour bin Wakil alikimbia. Ni fundi wa kanzu aliyeufunga mlango, nami siwezi kuvua nguo mbele ya mama wa watu. Basi, tutarudi siku nyengine, inshallah, tukijaaliwa uhai..."

"Kaa," alisema Bi Mayasa.

Akakaa. Mama akachomoa kwenye pindo la kanga yake sindano ya kushonea kofia, maana mshona kofia hatembei bila sindano, akainama juu ya bega la mwanawe, akaanza kufumua mshono wa kanzu mahali mkono unapokutana na kiwiliwili. Uzi kwa uzi, polepole, mbele ya mji. Ncha ilipita karibu na ngozi, na Simba wa Barza, jasho likimtiririka chini ya kofia, hakuthubutu hata kumeza mate. Mkono wa kanzu ukaanguka kama bendera ya ngome iliyotekwa. Bega likatoka nje, jeupe kidogo kuliko mwenyewe, lenye kipele kimoja.

Amour akafumba macho. Alijua saa imefika, na mtu wa maneno haondoki bila maneno. "Enyi watu wa Unguja!" alianza. "Ikiwa leo ndiyo siku ya mwisho ya bega hili, basi mwambieni mke wangu funguo za duka ziko ndani ya bati la biskuti. Mwambieni Nadir asipande ile Vespa ya kijani, haina breki. Waambieni wa barza kwamba sikutetereka, kwamba niliukabili mkuki wa..."

"Nshamaliza, mzee."

"...mkuki wa wageni nikiwa nimeinua kichwa, na kwamba..."

"Mzee wangu, nshamaliza zamani. Kuna watu nyuma yako."

Akafumbua jicho moja. Bega lilikuwa na kipande cha pamba. Watu wa mabenchi walicheka hata mtoto mmoja akaamka analia, na Amour, aliyekwisha kuiaga dunia, ikambidi arudi.

Kisha Bi Mayasa akakaa kwenye kiti kile kile. Akasogeza kanga, akaitazama sindano ikiingia kama anavyotazama uzi ukipita tunduni, akainuka.

Walikaa wote wawili kwenye benchi la kusubiri. Mkono wa kanzu ulikuwa mapajani mwa Amour. Alikuwa anajiona ameshinda, na alikuwa anatafuta maneno ya kuupelekea ushindi ule barzani, pale mama yake alipogeuka.

"Amour. Yale uliyokuwa ukiyasema pale chini, ulikuwa unayajua, au ulikuwa unasema tu?"

Hakukuwa na ghadhabu katika sauti yake. Ingekuwapo, angeijibu, ghadhabu ina majibu yake. Lakini aliulizwa kama mtu anavyouliza njia. Amour alitazama sakafu, na Bi Tahiya akamjia akilini, si jeneza lake, bali sauti yake, ikimwita kutoka dirishani tangu yu mdogo amletee uzi dukani. Alitaka kurudia ile hoja yake ya halua.

"Nlikuwa nasema tu, mama."

Bi Mayasa alitikisa kichwa taratibu. Akachukua ule mkono wa kanzu, akaukunja vizuri, akautia kwenye mkoba wake. Hakumwambia kwamba si kitu, wala hakumwambia ni vibaya. Wakakaa hivyo mpaka Rukaiya alipowaruhusu.

Alasiri Barza ya Wajuao ilikuwa imejaa hadi ngazini, maana habari za kanzu zilikuwa zimemtangulia. Wakamkalisha mahali pake. Nadir akamkaribia na kijiko, ajaribu kama kitaganda. Hakikuganda. Wengine walitaka hutuba. Ilikuwa dhahiri kwamba atageuza meli, na barza ilikuwa tayari kupiga vifijo vile vile upande wa pili. Yussuf muuza samaki alikuwa amesimama mwishoni kabisa.

"Bwana Amour," alisema Yussuf. "Na lile la kizazi? Mwanangu nimwambie nini?"

Mjibu wa majibu yote alifungua kinywa, na waliokuwa karibu walimwona akilitafuna jibu, kubwa, tayari, lenye misemo yake, na ulimi ukilisukuma mbele kwa mazoea ya miaka. Akalimeza. Ilimchukua muda, na lilionekana likishuka kooni.

"Sijui, Yussuf."

"Hujui?"

"Sijui. Wala siku ile sikuwa nikijua. Mpeleke Faiza kituoni akaulize mwenyewe. Yuko binti pale anaitwa Rukaiya, anasema anachokijua, akifika mwisho wake ananyamaza."

Mtu mmoja aliguna. Mwengine alisema Amour amechomwa na akili zimeanza kutoka. Nadir, aliyechoshwa na hayo, akatoa simu, akasema anayo nyengine kuhusu mawe yanayoanguka kutoka mwezini, na barza nzima ikamgeukia kwa faraja. Yussuf peke yake alivaa makubadhi yake, akaondoka haraka kuelekea kwake.

Basi na iandikwe, enyi mliojongea, kwa wino usiofutika, na watoto wafundishwe mahali panapofundishwa mambo makubwa: katika mji huu uliokwisha kuona masultani wakipanda na kushuka, na mizinga ya manowari, na mapinduzi, mtu mzima mwenye masharubu alikaa juu ya barza, mbele ya wenzake, kahawa mkononi, akaulizwa jambo, akasema hajui, na hakufa.