Kopo la Pili ni la Heshima

Karuba, Jumanne, tarehe 26 Agosti 1969

Geneviève, mke wangu mpendwa, nakusalimu kwa heshima yote, wewe pamoja na wote ulio nao huko. Uniwie radhi. Tangu Pasaka sijakuandikia neno katika daftari hili. Sababu ni njema: nilikuwa najifunza pikipiki.

Ndiyo, ninayo. Padri mzee aliporudi kwao Ulaya aliniachia ile yake nyekundu, kwa ajili ya miaka yangu thelathini ya ukatekista. Mzee wa miaka sitini na mbili juu ya pikipiki. Ungecheka kwanza, kisha ungeona fahari.

Habari kubwa ni hii. Binti yetu Céline amepata diploma, na shule moja ya Mweso imempa darasa la kwanza. Jumatatu saa mbili asubuhi awe mbele ya watoto, vinginevyo nafasi itapewa mwingine. Barua imesema hivyo wazi. Kwa miguu ni siku mbili. Kamio, yale malori ya mizigo, hupita yakipenda. Nimemwambia nitampeleka mwenyewe, kama nilivyokuahidi ulipokuwa kitandani siku zile za mwisho.

Jirani yetu Ladislas, mwenye ng'ombe, anayepeleka maziwa kwa pikipiki iliyo pacha wa yangu, alijitolea kumpeleka. Nikamshukuru sana. Nikakataa.

Leo pikipiki yangu haikuwaka.

Jumatano, tarehe 27

Nimefungua buji, kile kidude kilichochomekwa juu ya injini, kinachotoa cheche ya kuwasha petroli, yaani esansi. Nyeusi. Imelowa mafuta kama andazi. Nikaifuta kwa leso, injini ikawaka, ikazima kabla ya kisima. Hukumu yangu: buji ni dhaifu.

Céline akauliza ninachanganya mafuta kiasi gani. Nikamweleza kwa utulivu. Pikipiki hii hunywa esansi iliyochanganywa na mafuta ya injini. Kijitabu cha Padri kinasema kopo moja la mafuta kwa lita tano za esansi. Mimi natia makopo mawili. La pili ni la heshima. Nyumbani mwako, Geneviève, hakuna mgeni aliyewahi kupimiwa. Ulimimina chai mpaka ikafurika kwenye kisahani. Sasa injini itakayombeba mtoto wetu, hiyo ndiyo tuipimie?

Céline akasema, "Papa, injini haiko mugeni."

Amesoma sana. Adabu za mama yake bado zinamjia polepole.

Moshi wangu unaonekana tangu Bihambwe, nimehakikishiwa na watu wa soko. Pikipiki ya Ladislas haina moshi hata kidogo. Mafuta anayapima kwa kifuniko cha chupa, kimoja kwa kila lita, sawasawa na kijitabu, bila tone la nyongeza. Inasikitisha.

Alhamisi, tarehe 28

Nimeshuka Sake kwa miguu, dukani kwa Bwana Marcellin. Anazo buji za aina mbili, za joto na za baridi. Kwa injini inayopanda milima polepole na yenye masizi mengi, alinishauri ya joto, kwa maana hujichomea uchafu yenyewe. Tena aliomba nipunguze mafuta. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu kumkatiza mtu si heshima.

Nikanunua tatu za baridi.

Injini yangu ikifika juu ya Mushaki inachemka kama mgonjwa wa malaria. Nani humfunika blanketi mwenye homa? Marcellin akaniuliza kazi yangu ilikuwa nini zamani. Nikasema katekista. Akasema alidhani hivyo, kwa jinsi ninavyoamini. Nilipanda mlima wa kurudi nikiwa na furaha.

Ijumaa, tarehe 29

Buji ya kwanza: ilifika kanisani, ikafa.

Buji ya pili: haikufika kanisani. Nikafikiri labda injini ina kiu. Nikaongeza kopo la tatu.

Ladislas alipita na madebe yake ya maziwa, akapunguza mwendo ndani ya moshi wangu. "Papa Léonard, hiyo makala unachoma, utaiuzisha wapi?"

Nikacheka kwa adabu, eti mimi mchoma mkaa. Moyoni sikucheka.

Imebaki buji moja. Siku tatu.

Jumamosi, tarehe 30

Mpango. Nimeufikiria vizuri na hauna dosari.

Nilikwenda kwa Ladislas na kikapu cha maharage, zawadi ya jirani kwa jirani. Alikuwa akikamua, akaniomba radhi, nimsubiri uani. Pikipiki yake ilikuwa uani pia. Ufunguo wa buji ulikuwa mfukoni mwangu. Dakika nne zilinitosha: nikatoa buji yake, nikamwekea ile yangu ya tatu, mpya, ya baridi, ambayo haijawahi kuona injini. Huu si wizi. Ni kubadilishana, na yangu ndiyo iliyo bora. Hata hivyo nilisali sala ya kutubu palepale, nikiwa nimechuchumaa.

Alitoka akanipa maziwa. Nusu kikombe.

Alasiri, ikiwa na buji yake, pikipiki yangu iliwaka kwa teke la kwanza. Nimezunguka kanisa mara mbili, nikiwapungia watu mkono kama bwana administrateur, mkuu wa wilaya. Niliporudi nikaijaza esansi, makopo matatu ya mafuta, kwa shukrani.

Jumapili, tarehe 31

Tuliondoka baada ya misa. Céline nyuma yangu, amevaa lile gauni la bluu ulilomshonea, valizi yake ya nguo imefungwa kwa kamba. Watu wa parokia walisimama njiani kutuaga. Nilikuwa na kofia. Sijawahi kuwa na fahari kama ile.

Kilima cha pili, ikazima.

Buji ya Ladislas, iliyokuwa safi jana, leo nyeusi, imelowa. Niliifuta mara saba mpaka leso ikawa haifai tena. Ikafika saa tisa. Céline aliketi juu ya valizi kando ya barabara. Hakunilaumu. Alijifuta macho kwa kiwiko, akigeukia upande wa mashamba ili nisione. Niliona. Geneviève, hapo niliogopa.

Kisha mlio. Ladislas, bila madebe, pikipiki yake inaimba vizuri kabisa. Nilivua kofia. Nikamwambia kwamba nilikosea kukataa msaada wake, na kwamba namwomba sasa ampeleke binti yangu Mweso. Maneno hayo yalikuwa mazito kuliko valizi. Hakunifanya niyarudie. Alifunga valizi, akampandisha Céline, kisha akainama karibu na sikio langu.

"Papa, buji yako ilipoteaka njia, ikalala kwangu. Inakawiya kidogo kuwaka asubui, lakini inatembea. Ntakurudishia."

Nikamwomba radhi kwa usumbufu wowote ambao buji hiyo ilimletea.

Nilisukuma pikipiki mpaka nyumbani. Ni nzito.

Jumanne, tarehe 2 Septemba

Ladislas amerudi. Furahi, mke wangu: walifika Jumapili kabla ya giza, na jana Céline aliingia darasani saa moja na nusu. Watoto hamsini na wawili walisimama wote kwa pamoja. Ladislas alichungulia dirishani ili aje kunisimulia. Neno la kwanza aliloandika Céline ubaoni ni jina lako. Karatasi imelowa kidogo hapa. Uniwie radhi.

Ladislas amechukua buji yake, akanirudishia yangu, safi, rangi ya kahawia kama biskuti. Ameniletea pia kifuniko cha chupa. "Pima nayo, Papa. Kimoja tu kwa lita, itakufikisha." Nikakipokea kwa mikono miwili. Ni kifuniko kizuri. Nimewawekea vifaranga maji.

Nimetafakari mchana kutwa. Aliyemfikisha Céline Mweso ni nani? Ni buji yangu, niliyoichagua mwenyewe Sake, nikailipia, nikaifunga kwa mkono wangu. Ladislas alishika usukani tu. Kwa hiyo ahadi yangu kwako imetimia. Tena ikiwa buji hiyo ilifanya kazi namna ile nyumbani kwa mtu anayepima kwa kifuniko, itafanya nini hapa kwetu, inapokaribishwa kiungwana?

Nimeifunga. Nimetia makopo manne. Imefika langoni.

Nimemwandikia Bwana Marcellin, baada ya salamu na kumwomba radhi kwa kumchosha, anitumie buji sita. Za baridi. Na kama ipo iliyo baridi zaidi, hiyo. Barua ataichukua Ladislas kesho alfajiri akishuka Sake na maziwa. Nilipomkabidhi aliisoma anwani, akanitazama, akaiweka mfukoni. Nikammiminia chai mpaka ikafurika kwenye kisahani. Akainywa yote, na ya kisahani pia.